Usiuze tarakilishi kuukuu kabla ya kuikomboa leseni

TANGU Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, wengi wamelazimika kununua tarakilishi mpya. Baadhi yao hulipia tena programu ya kukinga virusi ilhali leseni waliyo nayo ingali na miezi kadhaa.

Hasara hiyo ya nini? Leseni za Norton, McAfee au Kaspersky kwa kawaida husajiliwa katika akaunti ya mnunuzi. Ingia katika akaunti hiyo mtandaoni kwa anwani ya barua pepe uliyonunulia, uiondoe tarakilishi kuukuu kwenye orodha ya vifaa, kisha upakue programu kwenye mpya. Kuifuta tu katika mashine ya zamani huenda kusitoshe, kwani katika akaunti nafasi yaweza kuwa ingali imekaliwa. Nazo siku hazianzi upya. Utapata zilizosalia tu.

Programu iliyokuja na tarakilishi kutoka dukani, hata hivyo, aghalabu haihamishiki. Aidha, iondoe kwanza ile ya majaribio iliyomo katika mashine mpya, maana mbili zikikutana huzozana. Asiye na pesa anayo Defender, inayokuja na Windows 11 bila malipo.