Matone Mangapi? Hata Moja

"Daktari, niweke matone mangapi, na mara ngapi kwa siku?" Swali hili naulizwa kliniki, naulizwa msibani, juzi nimeulizwa kwenye foleni ya benki. Matone yenyewe si ya dawa. Ni maziwa ya mama, ya kumwekea mtoto mchanga aliyeamka na tongotongo.

Hata moja.

Hoja naijua: maziwa yana kinga. Kweli yanayo, ila kinga hiyo kazi yake ni kulinda koo na utumbo wa anayenyonya, na huko hakuna maziwa ya kopo yanayoyafikia. Jichoni, machozi huyaosha baada ya muda mfupi, yakabaki mabaki ya sukari na chochote kilichokuwa kwenye vidole vya aliyekamua.

"Lakini wangu alipona!" Alipona, ndiyo. Wachanga wengi huzaliwa mfereji wa machozi haujazibuka. Jicho linalengalenga, kope zinagandana asubuhi, lakini halijavimba na weupe wake uko palepale. Hali hiyo huisha yenyewe, kwa wengi kabla hawajatimiza mwaka, uweke maziwa au usiweke. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Kisha shangazi anamhadithia jirani, jirani anamhadithia mkwewe, na maziwa yanapewa sifa ya kazi yasiyoifanya. Mkojo, chai ya rangi na majani yaliyotwangwa sivijadili. Nafasi haitoshi, na subira nayo imepungua.

Sasa mtazame mtoto mwingine. Ana siku tatu. Kope zimevimba hadi hazifunguki, usaha mzito wa manjano unafutwa na kurudi papo hapo. Kabla sijazifungua navaa miwani, maana usaha unaweza kunirukia usoni. Hiki ni kisonono, alichokipata akipita njia ya uzazi. Bakteria wake hawangoji mchubuko: hupenya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ikiwa nzima, na inaweza kutoboka ndani ya siku moja au mbili. Hizo ndizo siku ambazo nyumbani wanahesabu matone ya maziwa. Kinga yake si siri. Tangu 1880 Carl Credé, daktari mkuu wa uzazi wa hospitali ya Leipzig, aliwawekea wachanga dawa ya fedha machoni, na ugonjwa uliokuwa ukimpata karibu mtoto 1 kati ya 10 ukashuka chini ya 1 kati ya 100.

Siku hizi ni mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, macho yote mawili, mara tu baada ya kuzaliwa. Uliza kama wako amepakwa. Usaha na uvimbe ndani ya mwezi wa kwanza: hospitali leo, si kesho. Kisonono hutibiwa kwa sindano, kwa kawaida seftriaksoni, na jicho huoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali mara kwa mara. Klamidia, bakteria mwingine wa njia ya uzazi, hutibiwa kwa dawa ya kunywa; mafuta peke yake hayatoshi. Na si wachanga tu: mtoto mkubwa mwenye homa, kope iliyovimba na jicho lililotokeza au lisilogeuka, analazwa na kupewa dawa za mshipani. Matone ya macho ya babu yaliyobaki, tupa. Mengine yana steroidi, ya hatari kwa jicho lenye maambukizi. Kwa kisonono na klamidia, mama na baba hutibiwa siku ileile. Na baba asituambie yeye haumwi. Aje.