Kifundo Kikiteguka, Usikimbilie Maji ya Moto

Askari arukapo kutoka katika lori, mara nyingi hutanguliza vidole vya miguu. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mguu, kutoka gotini hadi kifundoni, una mifupa miwili: muundi, ambao ndio mnene na hubeba sehemu kubwa ya uzito, na mwenzake mwembamba wa upande wa nje. Ncha zake za chini ndizo nundu mbili tunazozipapasa kando ya kifundo. Kwa pamoja huubana, mfano wa koleo, mfupa mwingine ulioketi juu ya kisigino. Mfupa huo ni mpana mbele, mwembamba nyuma. Mtu akikanyaga kwa wayo mzima, sehemu pana hukaa imara. Akielekeza vidole chini, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki katika koleo, na kiungo hulegea. Basi kijiwe kidogo chatosha kuugeuza wayo ndani, na zile nyuzi ngumu za upande wa nje, zinazofunga mfupa kwa mfupa, huvutika au hukatika.

Majeruhi afikapo nyumbani, maji huchemshwa na jirani mwenye mikono mizito huitwa kuvuta na kukanda. Nia ni njema, lakini joto na ukandaji katika siku mbili tatu za kwanza huzidisha uvimbe. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulimfanyia hivyo mwenzetu aliyetumbukia mtaroni. Tulimvuta mguu jioni nzima, naye akivumilia kwa kuona haya kulia mbele yetu. Kumbe mfupa ulikuwa umevunjika! Hadi leo anachechemea.

Kwa macho ni vigumu kupambanua, maana hali zote mbili huvimbisha mguu. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni ambayo hata mama wa nyumbani aweza kuikumbuka. Mguu uliopinda usiguswe. Huo ni wa hospitali moja kwa moja. Usiopinda, bonyeza taratibu ukingo wa nyuma wa kila nundu, kutoka nchani kupanda juu sentimita 6. Ikiwa mfupa wenyewe unauma hapo, au majeruhi hawezi kwenda hatua 4 hata kwa kuchechemea, apelekwe kupigwa eksirei.

Asiye na dalili hizo avuliwe buti mapema, kabla uvimbe haujakaza. Kitambaa cha maji baridi kiwekwe dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Bandeji ianzie karibu na vidole kupanda juu, na mguu uinuliwe juu ya mito. Vidole vikifa ganzi au kupoa, bandeji ilegezwe mara moja.

Maumivu yakipungua, aanze kuchezesha kifundo, kisha ajizoeze kusimama kwa mguu huo mmoja, tuseme wakati wa kupiga mswaki, kwa majuma kadhaa. Na siku ya kurudi kazini asiruke tena kutoka katika lori: ageuke, ashike ubao, ateremke.