Insulini na Sukari ya Damu: Mama Ajue Nini?

Miembe mikongwe ya Tabora ni kumbukumbu ya misafara iliyopita Unyanyembe ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mwaka 1912 reli ilifika mjini, na hadi leo wasafiri wa Kigoma, Mpanda na Mwanza hupitia hapa. Katika mizigo ya baadhi yao imo chupa ndogo ambayo ikiachwa juani huharibika, na ikitumiwa ovyo huweza kuua. Hiyo ni insulini.

Sisi wauguzi hukutana na akina mama wengi wanaomchoma sindano mtoto, mume au mkwe. Wanajua saa ya kuchoma, lakini si wote wanaojua kilichomo ndani ya chupa. Karibu tujifunze pamoja.

Kazi ya insulini

Insulini hutengenezwa na kongosho. Hufungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia mwilini kutupa nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata sana watoto na vijana, kongosho huacha kuitengeneza. Zamani watoto hao walikufa. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa sindano ya insulini. Kisukari cha aina ya pili huwapata zaidi watu wazima. Wengi hutumia vidonge, na baadhi huhitaji insulini pia.

Chupa hazifanani

Insulini angavu kama maji hufanya kazi upesi. Huanza baada ya nusu saa, hupata nguvu sana kati ya saa 2 na 4, na huisha baada ya saa 6 hadi 8. Ndiyo maana huchomwa nusu saa kabla ya chakula. Ukishachoma, chakula kisichelewe!

Insulini yenye ukungu kama maji ya mchele hufanya kazi polepole. Huanza baada ya saa 1 hadi 3 na huendelea nusu siku au zaidi. Isitikiswe kwa nguvu. Izungushwe taratibu kati ya viganja mpaka ichanganyike. Ipo pia iliyochanganywa tayari kiwandani, nayo ina ukungu.

Siku hizi zimo pia insulini mpya ambazo ni angavu lakini hudumu siku nzima. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Soma jina kwenye chupa, na dawa ikibadilishwa uliza kabla hujachoma. Hakikisha pia kwamba bomba la sindano lina alama zinazolingana na nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa.

Kusoma namba

Mashine nyingi hapa kwetu huonyesha milimoli kwa lita. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, tunapenda kuona 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Watoto, wajawazito na wazee hupewa viwango vyao na daktari. Ukiona namba kama 126, usishtuke. Huenda mashine inasoma miligramu. Gawanya kwa 18, utapata 7.

Nawa mikono kabla ya kupima. Kidole chenye maji ya embe kitakupa namba ya uongo. Kisha andika kwenye daftari tarehe, saa, namba na chakula kilicholiwa. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Asali: rafiki au adui?

Tabora ni nchi ya asali, na wapo wanaosema haina madhara kwa mwenye kisukari kwa kuwa inatoka msituni. Si kweli. Asali ni sukari, nayo hupandisha namba.

Lakini ipo saa ambayo asali huokoa. Namba ikiwa chini ya 4, au mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho, akisikia njaa kali au akichanganyikiwa, mpe mara moja kijiko kimoja kikubwa cha asali, au vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari katika maji. Subiri dakika 15, upime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale chakula. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni: mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Joto na safari

Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, lakini isigande. Iliyoganda hutupwa. Nyumba isiyo na friji itumie chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, kivulini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuata joto la kambi ya Dagahaley nchini Kenya, ulionyesha kuwa insulini iliyokaa wiki nne katika nyuzi 25 hadi 37 haikupoteza nguvu yake. Habari hii ni faraja kwetu, ila si ruhusa ya kuiacha juani au kwenye buti ya basi. Safarini ibebe kwenye mkoba wako, pamoja na chakula.

Usiache sindano

Mtoto wa aina ya kwanza akiugua na kukataa chakula, mama huona afadhali asimchome. Hapo ndipo hatari ilipo. Dozi hupimwa na kurekebishwa, haiachwi. Akitapika, akihema kwa nguvu au pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mama anayetaka kufunga: aonane kwanza na daktari. Kuomba na kuchoma sindano havigombani.

Mama mpenzi, leo chukua chupa iliyo nyumbani, soma jina lake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha mfundishe na mtu mwingine mmoja wa nyumba yako, ili siku usipokuwepo mgonjwa asikose msaada.