Mmea Ulao Wadudu

Kila mtu ajua ya kuwa wadudu hula mimea. Lakini uko mmea mmoja mdogo uliogeuza jambo hilo, maana wenyewe hula wadudu. Jina lake ni pinguikula, nao huota katika nchi nyingi za Ulaya, na hasa katika milima ya Alps, ambayo vilele vyake virefu havikosi theluji mwaka mzima.

Pinguikula hupenda mahali pa majimaji: kando ya vijito, katika mabwawa ya matope, na juu ya majabali yatiririkayo maji. Mtu aweza kudhani ya kuwa mahali penye maji mengi pana rutuba nyingi. Sivyo. Maji yapitayo siku zote huichukua rutuba, tena kwa sababu ya baridi majani yaliyokufa hayaozi upesi yakawa mbolea. Na mizizi ya pinguikula ni mifupi na michache. Basi, mmea huu hupataje kile kilichopungua udongoni?

Jibu li katika majani yake. Majani hayo hulala chini, yamepangwa kwa duara mfano wa nyota. Rangi yake ni kijani iliyochanganyika na manjano, nayo hung'aa kama yaliyopakwa siagi. Kwa sababu hiyo Conrad Gessner, mtaalamu wa Uswisi, aliupa mmea huu, mwaka 1561, jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya kunona.

Kumbe si mafuta, ni ulimbo! Juu ya jani mna vinyweleo vidogo mno, na kila kimoja kina tone la ulimbo kichwani. Mdudu mdogo akitua hapo hunaswa, na kadiri ajitikisavyo ili ajiponye, ndivyo azidivyo kugusa matone mengine, hata nguvu zikamwishia. Ndipo jani hutoa maji makali, mfano wa yale yaliyomo tumboni mwa mnyama, yakayeyusha nyama laini ya mdudu. Ukingo wa jani hujikunja polepole, na jani hukinywa chakula chake. Mwisho hubaki maganda matupu.

Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, aliyachungua mambo haya, akayaandika katika kitabu mwaka 1875. Rafiki yake alimpelekea majani 39 kutoka kaskazini ya Wales, yaliyochaguliwa kwa sababu yalikuwa na vitu vilivyoganda juu yake. Darwin akahesabu wadudu 142 juu ya majani 32 katika hayo. Tena aliweka vipande vya nyama juu ya majani mengine, na vipande vya kioo juu ya mengine. Penye nyama majani yalitoa maji makali. Penye kioo hayakutoa. Hivyo akajua ya kuwa jani hutambua chakula.

Ua la pinguikula, la zambarau au jeupe, husimama peke yake juu ya kikonyo kirefu, mbali na ulimbo, hata nyuki aletaye mbegu za kiume aweza kuja na kwenda salama. Wakati wa baridi kali majani hufa, na mmea hujikusanya uwe chipukizi dogo gumu, ukingoje joto lirudi.

Wafugaji wa kaskazini ya Sweden waliutumia mmea huu kugandisha maziwa: walimimina maziwa yenye uvuguvugu juu ya majani yake. Linnaeus aliandika habari hiyo mwaka 1737.

Lakini mahali pengi katika Ulaya mabwawa yamekaushwa ili yawe mashamba na malisho, na udongo ukatiwa mbolea. Hapo pinguikula hutoweka. Hautoweki kwa njaa, bali kwa shibe ya wengine, maana penye rutuba nyasi ndefu huota upesi zikaufunika, ukakosa jua. Umaskini wa udongo, ambao watu waliuhesabu kuwa hasara, ndio ulioulinda mmea huu mdogo. Naye Mwumba hakuuacha bila njia ya kupata riziki yake.