Teste moja haitoshe

Ndugu wachimbaji, mwenzetu mumoja wa shimo alipimwa SIDA kwa teste moja tu, akaambiwa anayo. Bibi yake akarudi kwao. Kisha miezi mitatu walimupima tena hapa Bukavu: hana kitu. Bibi hakurudi.

Tangu 2019, OMS inashauri mutu asiambiwe ana virusi mpaka teste tatu za aina tofauti zikubaliane. Teste inaweza kudanganya kama ililala kwenye joto la kupita digri 30, ao kama ilisomwa mbele ya dakika zake kutimia. Sasa fikiria karto inayobebwa na pikipiki mpaka Kamituga, matope na jua.

Kufuatilia kazi ya labo kunaomba pesa, na pesa ya SIDA katika inchi yetu inatoka sana inje: Fonds mondial, PEPFAR ya Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Trump akasimamisha misaada kwa siku 90. Mwezi wa pili M23 ikaingia Bukavu. Serikali yetu ilizoea kungojea wengine, nalisema wazi.

Ukipimwa, uliza: teste hizi zinaisha tarehe gani? Mumefanya ngapi? Mama twangaise nao waulize, si haya. Na ukiambiwa huna, rudi kisha miezi mitatu, maana virusi vipya havionekane mara moja.