KUTOKA RAGA KWENDA KANDANDA YA AUSTRALIA: BINGWA ANAPORUDI KUWA KURUTA

Askari yeyote aliyepata kuhamishwa kutoka kikosi cha miguu kwenda kikosi cha mizinga anajua ya kuwa nguvu za mwili huhama pamoja na mwenyewe, lakini ujuzi hauhami wote. Mapafu yaliyozoea masafa marefu hubaki imara, na jicho lililozoea shabaha hubaki kali. Hesabu za mzinga, hata hivyo, hana budi kuzianza mwanzo, tena mbele ya vijana wadogo wanaomzidi maarifa. Jambo hilo hilo huwapata wanamichezo wanaouacha mchezo uliowapatia sifa na kuingia mchezo mwingine.

Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na wa polisi habari za wachezaji wa raga waliohamia kandanda ya kulipwa ya Australia. Baadaye tutarejea nyumbani Burundi, kwani na sisi tunao mfano wetu wa kuhama, tena mfano wa dhahabu. Hapa Bujumbura raga ina wapenzi wachache ikilinganishwa na kandanda tuliyoizoea, na kandanda ya Australia karibu haijulikani kabisa. Kwa hiyo yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe.

VITA VYA MSTARI NA VITA VYA PANDE ZOTE

Raga iko ya namna mbili: ya watu 15 kila upande na ya watu 13. Katika zote mbili, mpira ukirushwa kwa mkono sharti uende nyuma au ubavuni, kamwe usiende mbele. Timu mbili hukabiliana mstari kwa mstari na kugombania ardhi mita kwa mita. Kwa lugha ya makambini, adui yuko mbele yako na wenzako wako nyuma yako. Kila mtu anajua hatari itatoka wapi.

Kandanda ya Australia ina watu 18 kila upande, nao huchezea uwanja wa umbo la yai ambao urefu wake waweza kufika mita 185. Hakuna sheria ya kuotea, basi adui aweza kukujia kutoka mbele, nyuma, kulia na kushoto. Kurusha mpira kwa mkono ni marufuku: mchezaji huushika kwa kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Akikimbia nao, lazima audundishe au auguse chini angalau kila baada ya mita 15, na mpira wenyewe una umbo la yai, haudundi kwa utii. Anayeudaka hewani mpira uliopigwa kwa mguu na kwenda mita 15 au zaidi hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Kila upande pana nguzo 4: mpira ukipigwa kwa mguu na kupita kati ya mbili za katikati ni pointi 6, ukipita pembeni mwao ni pointi 1. Kuna vipindi 4 vya dakika 20, na kwa kuwa saa husimamishwa mara kwa mara, kipindi kimoja hukaribia nusu saa. Mchezaji wa katikati aweza kukimbia kilomita 12 na zaidi katika mechi moja.

Ajabu ni kwamba michezo hii ina undugu. Tom Wills, mmoja wa waasisi wa kandanda ya Australia, alisomeshwa Uingereza katika shule ya Rugby, ile ile iliyoipa raga jina lake. Mwezi Julai 1858 aliandika barua katika gazeti moja la Melbourne akitaka iundwe klabu ya kandanda ili wachezaji wa kriketi wasilegee wakati wa baridi. Na kama klabu hiyo haikuwezekana, basi vijana waunde klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki. Mwezi Mei 1859 kanuni za kwanza zikaandikwa. Kumbe mchezo huu tangu mwanzo uliwekwa jirani na mazoezi ya silaha.

WANAUME WAWILI MASHUHURI

Miaka 150 hivi baadaye, wakuu wa ligi ya Australia walitaka kupeleka mchezo wao katika majimbo ya Queensland na New South Wales, ambako raga ya watu 13 ndiyo iliyotawala nyoyo za watu. Waliunda klabu mbili mpya: Gold Coast, iliyoingia ligi mwaka 2011, na Greater Western Sydney, iliyoingia mwaka 2012. Ili wenyeji wazitazame, kila klabu ikachukua mtu mmoja mwenye jina kubwa katika raga. Sisi tunaofanya kazi ya uhusiano wa jeshi na umma twaielewa vyema hesabu hiyo: mchezaji alitakiwa acheze, na papo hapo awe bango la kuandikisha mashabiki.

Wa kwanza ni Karmichael Hunt, mzaliwa wa Auckland, New Zealand, aliyekuwa bingwa wa Australia na klabu ya Brisbane Broncos mwaka 2006. Uhamisho wake ulitangazwa mwaka 2009. Kabla ya kwenda Gold Coast alipita Ufaransa, akacheza raga ya watu 15 na klabu ya Biarritz, akafika nayo fainali ya Kombe la Heineken mwaka 2010, walipofungwa na Toulouse 21 kwa 19. Mtu wa namna hii si wa kudharauliwa. Hata hivyo, mwaka 2011 alipoingia kandanda ya Australia alionekana kama kuruta wiki ya kwanza. Mpira ulimpita, na alipotazama mbele, hatari ilikuwa imekwisha kumzunguka. Klabu yenyewe ilishinda mechi 3 tu msimu ule.

Hunt hakukimbia. Alibaki hadi mwaka 2014, akacheza mechi 44. Mwezi Julai 2012, katika mji wa Cairns, Gold Coast walikuwa nyuma ya Richmond wakati king'ora cha mwisho kilipolia. Hunt alikuwa ameudaka mpira, na sheria inamruhusu aliyedaka apige hata baada ya king'ora. Akapiga, ukapita kati ya nguzo, na klabu yake ikashinda kwa pointi 2. Mguu uliochekwa mwaka uliotangulia ndio ulioleta ushindi.

Wa pili ni Israel Folau, kijana mwenye asili ya Tonga. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa mchezaji mdogo kupita wote waliopata kuichezea Australia katika raga ya watu 13. Mwaka 2010 alitia sahihi mkataba na Greater Western Sydney ambao iliripotiwa ulikuwa wa dola milioni 6 za Australia kwa miaka 4. Msimu wa 2012 alicheza mechi 13, akafunga mabao 2. Klabu ilishinda mechi 2 tu. Mwisho wa msimu aliondoka, akieleza kwamba moyo wake haukuwaka kwa ajili ya mchezo ule.

Je, Folau alikosa nguvu au kasi? La hasha. Mwezi Juni 2013, akiichezea Australia katika raga ya watu 15 kwa mara ya kwanza, alifunga mara mbili dhidi ya timu teule ya Uingereza na Ireland. Mwaka 2014 akawa bingwa wa Super Rugby na klabu ya Waratahs. Mwili ulikuwa ule ule. Kilichopungua kule alikotoka ni macho: mtoto wa Melbourne huanza kujifunza akiwa mdogo mahali ambapo mpira utaangukia, na maarifa hayo hayanunuliwi kwa dola wala hayapatikani kwa msimu mmoja.

JIRANI ZETU

Afrika Mashariki nayo ina wasafiri wa aina hii. Daniel Adongo, Mkenya aliyecheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, alichukuliwa mwaka 2013 na klabu ya Indianapolis Colts kucheza kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao hakuwahi kuucheza. Mwezi Desemba mwaka huo aliingia uwanjani, akawa Mkenya wa kwanza katika ligi ile. Alipata mechi chache mno, na mwishoni mwa 2015 klabu ikamwachilia.

Tumlinganishe na Aliir Aliir. Huyu alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, na familia yake ikahamia Australia angali mtoto. Alijifunza kandanda ya Australia akiwa kijana. Klabu ya Sydney ilimchagua mwaka 2013, lakini mechi yake ya kwanza katika ligi kuu ilikuwa mwaka 2016. Alisubiri, akafundishwa, akaiva. Mwaka 2021, akiwa na klabu ya Port Adelaide, aliteuliwa katika kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima. Hakufika na jina kubwa lililombana, wala na desturi za mchezo mwingine za kusahau. Tena alipewa muda.

DHAHABU YA BURUNDI

Sasa turejee nyumbani. Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1996, mjini Atlanta. Vénuste Niyongabo, mwana wa Makamba, alikuwa hodari wa mita 1500. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata medali ya shaba ya dunia katika mbio hizo. Lakini mwenzake, Dieudonné Kwizera, alikuwa ameikosa michezo ya 1988 na ya 1992 kwa kuwa nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akamwachia nafasi ya mita 1500, yeye akahamia mita 5000, mbio ambazo alikuwa amewahi kushindana mara mbili tu. Alishinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96, akawatangulia Mkenya na Mmoroko, na kuiletea Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki.

Medali ya pili ililetwa na Francine Niyonsaba, fedha ya mita 800 mjini Rio de Janeiro mwaka 2016. Mwaka 2019 kanuni mpya za riadha ya dunia kuhusu homoni zilimfungia mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Yeye hakuhama kwa hiari. Hata hivyo alijifunza mbio ndefu, akawa wa 5 katika mita 10,000 mjini Tokyo mwaka 2021, na mwezi Septemba mwaka huo aliweka rekodi ya dunia ya mita 2000 iliyodumu hadi 2024. Mwaka 2023 kanuni hizo zilikazwa na kugusa mbio zote.

Hawa wawili walihama karibu: miguu ile ile, mapafu yale yale, kiwanja kile kile. Waliobadili mchezo mzima walivuka mto mpana zaidi.

LA KUZINGATIA MAKAMBINI

Kwa nini tunayaandika haya kwa askari na polisi? Kwa sababu katika vikosi vyetu wamo vijana wenye miili ya kutamaniwa na klabu za kulipwa, na mkataba wa kigeni humeremeta kama bati jipya. Anayeiacha kazi ya serikali huacha mshahara wa kila mwezi, matibabu na kiinua mgongo, na nyuma yake wapo mke, watoto na wazazi. Folau alipotoka, raga ilikuwa ikimngoja. Kijana wetu aliyekwisha rudisha sare yake hatangojwa na mtu.

Basi kabla ya kutia sahihi, ajiulize mambo matatu. Katika nilivyo navyo, ni kipi kitakachonifaa huko niendako? Ninatakiwa kwa kazi yangu au kwa jina langu? Na muda nitakaopewa watosha kujifunza, au nitahukumiwa msimu wa kwanza? Amwonyeshe mwanasheria karatasi zake, azungumze na mkuu wake, na kama kuna njia ya kuomba ruhusa badala ya kuacha kazi, aifuate.

Kwa wakuu na wenzake tuna neno moja pia. Bondia akija kwenye timu ya mpira wa mikono, au mkimbiaji akija kwenye raga, msimcheke siku ya kwanza. Hunt alichekwa mwaka mzima. Na arudipo aliyekwenda asifanikiwe, apokewe kama askari arejeaye kutoka doria ngumu, maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kuhama kunataka mtu aliyekuwa sajini wa mchezo wake akubali kusimama tena katika safu ya makuruta, afundishwe na aliye mdogo kwake, aanguke na kuinuka bila kununa. Wenye kuukubali unyenyekevu huo wakapewa na muda, tumeona walikofika. Wahenga walikwisha sema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.