Pareto: dawa ya kupe inayolimwa nyumbani, inayopata thamani ugenini

Duka la dawa za mifugo halikosi rafu ya kupe na viroboto. Kuna dawa za kuogeshea, za kunyunyizia, za kudondoshea mgongoni, mikanda ya shingoni, na vidonge vilivyoingia miaka ya karibuni. Siku hizi katikati ya rafu hiyo zimejipenyeza sabuni, unga na mafuta yenye neno moja kwa herufi kubwa: asili. Wenye mbwa wa mijini, ambao mbwa wao hulala barazani na kucheza na watoto, wako tayari kuongeza fedha kwa ajili ya neno hilo.

Mwenye duka mmoja wa Nakuru, aliyezeeka katika biashara hii, analitazama neno hilo kwa uchungu. Dawa ya asili yenye nguvu kuliko zote anazoziuza hutoka kwenye ua la pareto, na pareto inalimwa Molo, mwendo wa saa moja tu kutoka dukani kwake. Lakini pakiti anayoiuza, anasema, humfikia kupitia kwa mwagizaji, ikiwa imebeba nauli ya baharini, ushuru na faida za watu watatu. Mkulima wa Molo akija kumnunulia mbwa wake dawa, huiona bei, huirudisha rafuni, na huondoka na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo ataichanganya kwa kukadiria. Wengine hawafiki hata dukani: humpaka mbwa mafuta ya taa au oili chafu ya gari, na baadaye humleta kwa daktari wa mifugo akiwa na vidonda.

Malalamiko hayo yana msingi. Sehemu kubwa ya pareto ya Kenya na Tanzania huvuka mipaka ikiwa kiini kilichokamuliwa, na Marekani ndiyo soko linalotegemewa zaidi. Huko huchanganywa na piperonili butoksaidi, kiungo kinachomzuia mdudu kuivunja sumu mwilini mwake, kisha hujazwa katika makopo na vifuko. Fedha nzuri ya biashara hii imo katika hatua hizo za mwisho.

Afisa mmoja wa kilimo katika kaunti mojawapo ya Bonde la Ufa ana jibu lililo tayari. Anasema Kenya ilikuwa ikitoa asilimia 70 ya pareto yote ya dunia, na itarudi hapo. Takwimu hiyo imerudiwa mno katika hotuba na taarifa za serikali, na haitulii: pengine ni 70, pengine 80, pengine 90, na mwaka unaohusika hubadilika kutegemea msemaji. Kwamba Kenya iliongoza dunia kwa miongo mingi hakuna anayebisha. Swali ambalo takwimu hiyo hailigusi ni kwa nini uongozi huo ulipotea, na jibu lake wakulima wanalijua kwa moyo. Miaka ya 2000 maua yalipelekwa, malipo hayakuja, na deni likalala miaka. Watu waling'oa pareto wakapanda viazi na mahindi. Mavuno yaliyokuwa maelfu ya tani kwa mwaka yakashuka hadi tani mia chache. Wakati huo Australia, iliyoanza kulima kibiashara jimboni Tasmania miaka ya 1980 na kuvuna kwa mashine, ilikwishakamata nafasi ya kwanza.

Tangu 2013 sheria ya Kenya imewafungulia mlango wasindikaji binafsi, na afisa huyo anahesabu leseni zilizotolewa kana kwamba ni magunia ya maua. Mkulima huangalia kitu kingine. Pareto huchumwa kwa mkono kila baada ya wiki mbili au tatu, na zinahitajika kilo nne hadi tano za maua mabichi kupata kilo moja ya makavu. Yakikaushwa vibaya huvunda, na sumu hupungua. Kisha bei hutegemea kiasi cha sumu, yaani pairethrini, ambacho kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2 ya ua kavu. Anayepima ni mnunuzi, kwa mashine yake, katika maabara yake. Mkulima aliyechuma kwa wiki tatu huletewa namba kwenye karatasi asiyoweza kuipinga. Katika mazungumzo yote na maofisa kuhusu kufufua zao, suala la kipimo huru hutajwa mwishoni, kama linatajwa. Kwangu mimi hilo ndilo lingepaswa kuwa la kwanza. Upande wa Tanzania, katika nyanda za Iringa, Njombe na Mbeya, zao halikuporomoka kwa namna ile ile, lakini huko nako wanunuzi ni wachache na mkulima hana wa kumkimbilia.

Turudi dukani, kwa sababu mnunuzi naye ana la kulalamikia. Picha ya ua jeupe kwenye pakiti si ushahidi wa pareto. Unga mwingi una permethrini au ndugu zake, kemikali zilizoundwa kiwandani kwa kuiga pairethrini. Zinafanya kazi, na hudumu juani, jambo ambalo pareto halisi haiwezi. Tatizo ni paka. Permethrini inayomfaa mbwa inaweza kumuua paka, na nyumba nyingi zina wote wawili wakilala mkeka mmoja. Mwenye duka wa Nakuru anasema huwauliza wateja kama wana paka kabla ya kupokea fedha. Ni yeye anayeuliza, kwa sababu maandishi ya onyo mara nyingi ni madogo na ya Kiingereza.

Pareto halisi nayo isisifiwe kupita kiasi. Humwangusha kiroboto kwa dakika, kisha jua huivunja, na baada ya siku moja au mbili haijabaki na nguvu ya kutajwa. Viroboto wazima walio mwilini mwa mbwa ni sehemu ndogo tu ya kundi. Mayai, mabuu na pupa wako kwenye mkeka, nyufa za sakafu na vumbi la baraza. Jike hutaga hadi mayai 50 kwa siku, na pupa aliye ndani ya kifuko chake huweza kungoja miezi. Kupe wa kahawia wa mbwa ni mgumu zaidi: hushuka, hupanda ukuta wa banda, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai katika ufa. Anayempaka mbwa unga bila kufagia, kuanika matandiko na kuziba nyufa atarudi dukani baada ya wiki, akidai ameuziwa dawa bandia.

Bidhaa nyingine za asili zinaweza kutajwa kwa ufupi. Mwarobaini wa pwani hufukuza wadudu kwa kiasi, ila hautegemewi palipo na kupe wengi. Diatomaiti, ambayo huchimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, humkausha mdudu ikiwa kavu, na vumbi lake halifai kuvutwa puani, la mbwa wala la mtu. Kitunguu saumu, kinachopendekezwa sana mitaani, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na ni heri kibaki jikoni.

Je, zao litarudi? Vitalu vya miche vipo, wanunuzi wameongezeka kuliko zamani, na hamu ya dawa za asili duniani haionyeshi dalili ya kupoa. Huenda ikatosha. Ila wakulima waliorudi wengi wamepanda kipande kidogo pembeni mwa viazi, wakisubiri kuona kama malipo ya mwezi wa kwanza yatafuatwa na ya mwezi wa sita. Mwenye duka wa Nakuru naye huagiza katoni moja tu ya unga wa pareto kila mvua zinapokaribia, kupe wanapoanza kuzidi, na hataki kuagiza ya pili mpaka aione yenye anwani ya Molo.